Uso wa Fortunat kwenye Shaba

Nyumba yetu ya mtaa wa Kamenge ilipochomwa mwaka 1995, Baba yangu, Fortunat, alikuwa ndani, na picha zake zote pia. Ilipita miaka mitatu kabla Mama hajaweza kumaliza matanga. Siku hiyo picha ya marehemu huwekwa mezani, watu wakija kumuaga. Sisi hatukuwa na hata moja.

Ndipo aliponishika mkono tukaenda mtaa wa Asiatique kwa Mzee Tajudini, fundi wa kuchonga mihuri na vibao vya shaba. Ukutani kwake palikuwa na picha ya uso wa mchoraji mmoja wa Ulaya, wa zama za Baroki, iliyopigwa chapa kutoka bamba la shaba zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Uso mzima ulikuwa mistari tu. Mama aliukazia macho.

"Fortunat alikuwa anaangalia vile vile."

"Mama Dévote, huyu muzungu nywele zake zinajaza godoro!"

"Basi zikate, Mzee. Anza na yeye, mi nitakuambia pa kubadilisha."

Mimi, Dévote, nilikuwa na miaka sita. Sikumkumbuka Baba hata kidogo. Nilisimama karibu na meza, nikingoja kumwona.

Mzee alimnakili yule mchoraji kwenye bamba jipya, akamnyima nywele. Kila baada ya siku mbili tulirudi.

"Pua ipunguze."

Mzee akausugua mstari kwa chuma laini hadi ukalala, akachonga mwingine.

"Ndevu?"

"Kidogo. Hapa chini."

"Na mashavu?"

Mama aligusa shavu lake mwenyewe. Tindo la Mzee lilibaki hewani.

"Funga macho, binti yangu. Mutafute pole pole."

Alifunga macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akayafungua.

"Ni huyu tu anakuja," alisema, akionyesha ukutani. "Namuita Fortunat, anakuja huyu muzungu."

"Tuache kwanza. Atarudi."

"Apana, Mzee. Asubuhi nikiwasha mbabula ya makaa alikuwepo huyu huyu."

Mama akaigeuza ile picha, uso wake ukaangalia ukuta. Mzee hakumzuia. Bamba tulimwachia pale mezani.

Njiani nilimwuliza Mama jinsi Baba alivyokuwa.

"Murefu," alisema.

Tulipita maduka mengi, kisha akanigeukia.

"Alikuwa murefu, Dévote."