Damu Nambari Arobaini na Moja

Agosti ya mwaka wa tisini na saba, Sylvia Osundwa alimaliza kupima damu ya wazee sitini na wanne. Alikuwa ameikusanya Matungu, boma kwa boma, akaileta kwenye barafu hadi maabara ndogo ambayo chuo chake kilimkodishia Lurambi. Nusu ya wazee hao walikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari wanauita Alzheimer. Nusu walikuwa na kumbukumbu nzuri. Sylvia alitaka kujua kama oksijeni, hii hii tunayoivuta ili tuishi, ilikuwa ikiuchakaza mwili wa wagonjwa kuliko wa wenzao.

Mafuta ya mwilini yakishambuliwa na oksijeni huharibika, kama samli iliyosahauliwa juani. Sylvia alichukua maji ya damu, akayatia dawa, akayachemsha. Yaligeuka rangi ya waridi, na palipokuwa na uharibifu mwingi rangi ilikolea. Vichupa vilikuwa na nambari tu, bila majina, asije akampendelea mtu.

Alipovipanga, alifurahi. Vya wagonjwa vilikuwa vimekolea, vya wazima vimepauka. Isipokuwa kimoja. Nambari arobaini na moja iliandikwa miongoni mwa wazima, lakini ilikuwa imekolea kuliko karibu wagonjwa wote.

Alimpigia simu msimamizi wake Nairobi, Profesa Maina.

"Barafu iliyeyuka njiani," profesa akasema. "Itupe. Moja kati ya sitini na nne haitakusumbua."

"Nimeirudia mara tatu, Prof."

"Basi angalia ni ya nani, halafu uamue."

Sylvia akafungua kabati, akatoa daftari la majina. Alipitisha kidole hadi arobaini na moja, kidole kikasimama hapo. Pascalia Osundwa. Mama yake mzazi.

Akaketi kwenye stuli. Aliikumbuka siku aliyompima mama kumbukumbu, mwezi wa Aprili, jikoni kule nyumbani. Alimtajia maneno matatu, sufuria, mbuzi na mvua, wakaongea mambo mengine kidogo, kisha akamwambia ayarudie. Mama alitaja mbuzi, akanyamaza. Sylvia akamwambia, "Kile kitu unachopikia, Mama." Mama akaitaja sufuria. Kisha Sylvia akainua macho juu kwenye mabati, mpaka mama akasema, "Na mvua." Akampa alama zote tatu. Wakati ule hakuona kama amefanya kosa. Aliona mama amechoka tu.

Sasa angeweza kuitupa ile damu, na kazi yake ingependeza. Angeweza pia kuihamishia kwa wagonjwa, na kazi ingependeza zaidi. Kote kuwili angekuwa amedanganya, na tayari alikuwa amedanganya mara moja.

Kesho yake alikwenda kwa Phanuel, tabibu wa zahanati moja karibu na Matungu. Ndiye waliyegawana naye kazi ya kuwapima wazee. Akamweleza yote bila kujitetea.

Phanuel alijikuna kidevu. "Mama yangu pia ningemsaidia, Daktari. Wacha nimpime mimi. Wewe ukae nje."

Walimkuta Pascalia akichambua kunde mlangoni. Alimkaribisha Phanuel ndani, na Sylvia akabaki na lile beseni la mboga, akichambua majani na kusikiliza kupitia dirishani.

"Mama, tuko mwezi gani?"

"Si ni huu wa kupanda mahindi?"

Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, yakingoja kuvunwa. Sylvia aliendelea kuchambua.

"Nilikutajia maneno matatu. Unayakumbuka?"

Kuku akapita sebuleni, akafukuzwa.

"Maneno gani?" mama akauliza.

Phanuel akatoka. Alimshika Sylvia bega, akachukua baiskeli yake, akaenda. Mama akaja kuketi kando ya binti yake, akavuta beseni katikati yao.

"Nimeanguka?" akauliza.

"Si mtihani wa shule, Mama."

"Najua nasahaunga. Siku moja nilitoka sokoni, nikafika pale kwa miwa, sikujua nipite njia gani. Nilisimama tu mpaka Nanjala jirani akapita, akanileta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni wewe ulikuwa unanipima." Mama alimtazama bila hasira. "Niliona vile ulitaka sana nipite. Nikakuachia."

Machozi yakamtoka Sylvia, naye hakuyafuta. Mama alimwacha alie kwanza, kisha akauliza damu yake ilisema nini. Sylvia akamweleza habari ya samli na ile rangi ya waridi. Akamwambia pia kwamba damu peke yake haitoshi, maana hata mtu asiye na ugonjwa huo anaweza kuwa na rangi kama ile.

"Na dawa iko?"

"Ya kukurudisha vile ulivyokuwa, hapana. Kuna vitamini, wengine wanasema inapunguza mwendo wa ugonjwa. Mimi bado sijui, Mama."

"Sawa. Leo huna jibu la kuninong'oneza."

Wakacheka wote wawili.

Sylvia alimwomba Phanuel awapime upya wazee wote ambao yeye mwenyewe alikuwa amewapima. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Wengine wawili waligunduliwa kuwa waliandikwa kwenye kundi lisilo lao, na mmoja wao alikuwa shangazi yake. Aliwaondoa wote watatu, pamoja na mama, kwenye hesabu, hakumhamisha hata mmoja, na katika ripoti akaandika wazi kwamba kosa lilikuwa la mpimaji.

"Wasomaji watatuona wazembe," Profesa Maina alilalamika.

"Tulikuwa wazembe, Prof. Mimi nilikuwa."

Tofauti kati ya wagonjwa na wazima ilibaki, ila ndogo kuliko alivyotarajia. Ripoti ilichapishwa mwaka wa tisini na tisa, kurasa saba, na haikumpa Sylvia jina kubwa. Watafiti wawili wa nchi za mbali walimwandikia barua. Mmoja alitaka kujua kosa lile aliligunduaje, maana alianza kuwa na wasiwasi na wazee wake mwenyewe.

Kufikia wakati huo Sylvia alikuwa ameacha chumba chake cha Nairobi na kuhamia nyumbani. Asubuhi alikwenda Lurambi, jioni alirudi Matungu. Mama bado alipika obusuma, ugali wa kwao, vizuri, mikono ikijua kazi yake, lakini mboga alizitia chumvi mara mbili, au akasahau kabisa. Siku nyingine alimwita Sylvia kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki, akamuuliza kama watoto wake hawajambo.

"Hawajambo," Sylvia alimjibu, akasogeza sahani, wakala.