Sitaha Iliyopauka

Mwishehe alichomwa na mwiba wa taa, yule samaki wa mkia wenye sumu, siku saba tu kabla ya msimu wa mashindano ya matanga, na aliyechomwa na taa haulizwi anaumwaje. Mguu ulivimba hata kuukanyagia ikawa muhali. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mashua ya Bwana Pirsi, mhandisi wa Kiingereza, ambayo masika nzima ilikuwa imepandishwa juu ya magogo pale Mtoni, ikiota ukungu. Bwana alikuwa safarini Dodoma, na aliacha neno moja: Jumamosi akirudi aikute safi, saa sita maji yakijaa aishushe.

Hamisa, mkewe, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Mashua ikikutwa chafu, kazi angepewa Jabiri, jirani yao, ambaye tangu habari za mguu zienee alikuwa akija kumjulia hali mgonjwa mara mbili kwa siku, na kila akija, badala ya kuuliza mguu anauliza mashua. Na mume mwenye mguu ule angekwenda wapi, kubeba magunia bandarini?

"Nitakwenda mie," Hamisa alimwambia mumewe.

Mwishehe alicheka kwanza, kisha akanuna. Watu watasema nini, mke wa mtu apande mashuani kukwangua mbao, mume kajilaza? Hamisa akamjibu kwamba watu haohao ndio watakaowasengenya wakishinda na njaa. Wakavutana mpaka adhuhuri. Mwisho mume akakubali kwa sharti kwamba asijue mtu, hasa Jabiri.

Basi akamfundisha palepale kitandani. Sitaha husuguliwa kwa mchanga laini na makumbi ya nazi, kufuata mkondo wa mti, kisha husuuzwa kwa maji ya bahari. Mbao za kingo na mkono wa usukani husuguliwa kwa majani ya msasa mpaka kiganja kikipita kisikwaruzwe, ndipo zipakwe vanishi. Alifundisha kwa ukali, kama mtu anayemwachia mwingine mtoto wake. Hamisa, ambaye kwa miaka kumi na moja amesikia habari za mashua ile kuliko alivyowahi kusikia habari zake mwenyewe, alimeza kila neno.

Siku tatu alifanya kazi nyuma ya mikoko, kanga kaifunga kiunoni. Siku ya kwanza magoti yalichubuka. Ya pili akaanza kuona mistari ya mbao za msaji ikitokeza chini ya ukungu, na hapo, mwanamke yule aliyekuwa akiiita mashua mke mwenza, akajikuta anaimba. Hakupenda kukubali, lakini alifurahi sana.

Ijumaa alasiri kingo ziling'aa kwa vanishi. Sitaha je? Safi, hilo halina ubishi, lakini ilipauka. Ilikuwa nyeupenyeupe kama miguu ya mtoto aliyetoka kuoga asipakwe mafuta, na mwanamke wa Kizaramo hamtoi mtoto wa namna hiyo mbele za watu. Mwishehe hakumwambia kwamba sitaha ya msaji huachwa vivyo hivyo, kavu, mguu upate kushika. Kwake lilikuwa jambo la wazi, na nani amwambie mtu kwamba maji yanalowesha? Hamisa akarudi nyumbani, akakuna nazi mbili, akakamua tui, akachukua machicha anayong'arishia sakafu yake. Akaisugua sitaha yote, omo hadi tezi, mbele hadi nyuma. Iling'aa ikapendeza macho, naye akaenda zake kulala na moyo mweupe.

Jumamosi Mwishehe alijikongoja kwa fimbo hadi ufukweni. Bwana Pirsi alikuwa amekwisha fika, na Jabiri naye, eti anapita. Bwana akaisifu mashua kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akapanda na viatu vyake, akapiga hatua moja. Ya pili ilimkuta kakaa chini, kofia kule.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bwana aliinuka, akanusa kiganja, akauliza ni nani aliyepaka nazi.

"Mie, Bwana," alisema Mwishehe.

Bwana akatazama saa yake. Akasema ikifika saa sita sitaha bado inateleza, atatafuta mtu mwingine, na mtu mwingine alikuwa amesimama palepale, keshaanza kukunja mikono ya shati.

Mwishehe alijaribu kupanda, mguu ukakataa. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Hamisa alikuwa kasimama kando ya mikoko, kajiziba mdomo kwa kanga, anatamani ardhi ipasuke immeze. Mumewe akageuka, akamtafuta kwa macho mpaka akamwona.

"Mama Mwanabaraka," alimwita kwa jina la mtoto wao, wote wakisikia, "sasa tufanyeje?"

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Majivu," alisema Hamisa. "Na maji ya moto."

Alikimbia nyumbani, akarudi na maji ya moto na debe la majivu ya jikoni, yale yanayokata mafuta ya sufuria. Akapanda mbele ya macho ya wote, akapiga magoti. Mwishehe akawa chini anampokeza maji, anachechemea, anatumwa huku na huku, wala hakulalamika. Walisuuza mara tatu. Jua likakausha.

Saa sita kasoro Bwana alipanda tena, akaburuta kiatu makusudi. Kikashika. Akatembea hadi omo akarudi, kisha akamuuliza Mwishehe kama bado anasema kwamba ni yeye aliyeisafisha.

Mwishehe akamtazama Jabiri kwanza, kisha Bwana.

"Kosa ni langu, Bwana, sikumwambia iachwe kavu," alisema. "Kazi yote ni ya mke wangu."