Bei ya Kwihara

Mwaka wa hamsini na tano mimi, Kasimiri, nilikuwa golikipa wa timu ya Kwihara, na hasira zangu zilijulikana kutoka kwetu hadi Tabora mjini. Kwa hiyo niliposikia kwamba Josepha, muuza mchele wa sokoni, ametuandika mlangoni mwake "kibaba kwa pishi tano", nilipanda baiskeli siku hiyohiyo kwenda kumgombeza. Maana yake ni kwamba ukiweka kibaba kimoja cha mpunga kuwa Kwihara itachukua kombe la wilaya, na ikalichukua kweli, Josepha atakurudishia chako na kukuongezea pishi tano, yaani vibaba ishirini. Timu ya Reli ilikuwa kibaba kwa viwili tu. Na mechi ya kwanza ilikuwa bado wiki mbili!

Nilimwamkia, kwa kuwa alikuwa rika la mama yangu, kisha nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kututukana. Hakukasirika. Alichukua chaki akanieleza kwamba kombe ni moja, naye amelikata kichwani vipande kumi na viwili. Reli wana vinne, vinabaki vinane, ndiyo maana wanalipa viwili kwa kimoja. Mafundi cherehani wa Isevya wana vitatu, wanalipa vitatu kwa kimoja. Sisi tulipewa kama nusu kipande.

"Sasa jumlisha timu zote," akasema. "Utapata vipande kumi na vitatu. Hicho kisichokuwepo ndicho ninachokula mimi."

Nilijumlisha kwa vidole, nikarudia. Vilikuwa kumi na vitatu kweli. Nilisahau hata kwamba nilikwenda kugomba. Akaongeza kwamba bei haitungi yeye peke yake. Watu wakiiamini timu wanamletea mpunga, naye anaishusha, wakiipuuza, anaipandisha. Lakini bei ya siku uliyoweka ni yako mpaka fainali, hata mlango ukifutwa kila kukicha.

Ningeishia hapo, nirudi nyumbani na elimu yangu. Lakini ile nusu kipande ilinikereketa. Jumapili, mke wangu Flavia alipokuwa misani, nilifungua kihenge nikachota pishi tatu za mbegu ya mpunga. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu yetu yote. Mvua zikija bila mbegu hatupandi, na tusipopanda watoto wetu watatu hawali. Nililijua hilo nikiwa nachota, na bado nilichota. Josepha alinitazama sana, akapokea. Tukishinda, nitalipwa pishi sitini.

Tukaanza kushinda. Tulipoifunga timu ya Askari, pishi tano mlangoni zikawa tatu. Halafu ikaja siku iliyonitia baridi mwilini. Mshambuliaji wa Reli alishikwa na homa, na kufika adhuhuri bei yetu ilikuwa imeshuka tena, wakati sisi wote tulikuwa mashambani tunafyeka, hakuna aliyegusa mpira. Jioni nilisimama mbele ya ule mlango kama niliyesimama kanisani. Wachuuzi, makarani, wapagazi wa stesheni, kila mmoja alileta kibaba chake na alichokisikia, na yote yakaishia kwenye tarakimu moja ya chaki. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuona mji mzima ukifikiri.

Zikabaki timu mbili, sisi na Reli. Kufikia hapo Tabora yote ilikuwa imetupenda. Ukiweka kwetu hulipwi hata kibaba kizima, na Reli walikuwa kibaba kwa kibaba. Mimi bado nilikuwa na bei yangu ya zamani ya pishi tano kwa kibaba, na usingizi sikuwa nao.

Tulifungwa moja bila. Mpira ulinipita chini ya mkono wa kushoto, mpira ambao siku nyingine ningeudaka huku nikipiga soga. Nilirudi Kwihara nikikokota baiskeli, nikaona haya hata kuipanda.

Flavia alikuwa uani anapepeta. Nilimwambia yote palepale: kihenge, Josepha, pishi tatu. Nilisema mimi ni mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikapime mbegu.

Nilipima mara tatu. Pishi tatu zilikuwa kihengeni.

"Nilijua tangu Jumapili ileile, Baba Damas," akasema. "Nikasubiri zibaki timu mbili. Nikakopa pishi tatu kwa mama, nikaziweka kwa Reli. Leo Josepha kanipa sita. Za mama nimesharudisha."

Nilikaa chini. Nikapiga hesabu ya upande wa pili: tungeshinda, angepoteza tatu za mama yake, nami ningeleta sitini. Vyovyote ambavyo ingekuwa, tungepanda. Mimi niliusoma ule mlango kiangazi kizima nikistaajabu, na yeye aliusoma akajua la kufanya. Kisha roho ikaniuma, nikamuuliza kama alikuwa akiniombea nifungwe.

"Sikuomba lolote," akasema. "Uwanja mzima ulikuwa unatetemeka, nawe ulitetemeka kuliko wote. Mimi peke yangu sikuwa na hofu. Nilikaa nikakutazama tu unavyoruka."