Kisima Kimelala

Neno hilo Mhandisi alilileta kazini mwenyewe, na ndilo nusura limponze.

Mafuta ya chini ya uwanja ule yalikuwa mazito kama lami. Pampu ikiyavuta, hayaji. Dawa yake ilikuwa kusukuma mvuke wa boila hadi chini kwenye mwamba, kufunga valvu, kisha kutulia siku kadhaa joto lipenye na mafuta yalegee. Siku hizo za kutulia, mafundi walizoea kusema kisima "kimelowekwa", utadhani nguo. Mhandisi hakulipenda neno la dobi. Yeye akasema kimelala, na wenzake wakalidaka. Mtu akiangusha spana karibu na valvu, Jiko, mwendesha boila, humwambia, "Taratibu bwana, utamwamsha."

Kisima chenyewe walikiita Mkwe, kwa sababu hakikupelekwa mbio na kila mtu alikisogelea kwa adabu. Vingine vyote vilikwisha kuzibwa kwa saruji. Mhandisi alikuwa amekipigania hiki hadi kikaonewa huruma: kipewe mvuke mara moja, kisipozaa nacho kizibwe.

Mkurugenzi alikuwa mgeni, katoka kwenye biashara ya malori. Alipiga simu kutoka makao makuu.

"Habari za kisima?"

"Kimelala, bwana Mkurugenzi. Tangu jana jioni."

"Poleni sana. Mmejitahidi."

"Asante. Ndiyo kazi."

"Basi yaliyobaki niachieni mimi."

Mhandisi aliweka simu chini akiwa na furaha. Bosi wa kumpa mtu pole ya uchovu bila kuombwa hakuwahi kumwona.

Asubuhi yake lori la saruji likaingia getini. Akashuka fundi, mtu mzima mwenye glavu zilizokakamaa, akasalimia kwa sauti ya chini kama aliyefika matangani.

"Shikamoo mzee," Mhandisi akamwamkia. "Mmepotea njia?"

"Marahaba, binti. Hatujapotea. Tumeletwa kuziba. Tumeambiwa marehemu ni huyu hapa, na taarifa ya msiba umeitoa wewe."

Mhandisi alielewa kosa lilipotokea, na alilielewa kuliko mtu yeyote pale. Alipokuwa mdogo, aliporudi kutoka shule akakuta nyumba imejaa watu, mama yake alimwambia, "Baba amelala." Naye akavua viatu, akavibeba mkononi, akanyata chumba hadi chumba asije akamwamsha. Siku nzima alinyata. Ukweli aliusikia kwa watoto wa jirani, na tangu hapo kulikuwa na kitu kati yake na mama ambacho hawakuwahi kukitaja.

Akampigia Mkurugenzi. Simu ilikuwa imezimwa. Bosi yuko angani, wakasema ofisini.

"Tukifungue sasa hivi," Jiko akasema. "Wakione kinavyopumua."

Alitamani. Lakini wakifungua mapema, mvuke utatoka na joto lake, mafuta yatabaki magumu kule chini, na kisima kitakuwa kimekufa kweli, kwa mikono yake. Na saruji nayo ikishamwagwa ndiyo maji yaliyomwagika, hayazoleki.

"Hatufungui," akasema. "Mzee, njoo. Vua glavu. Usishike bomba, lisogelee tu."

Fundi akasogeza kiganja, akakirudisha haraka.

"Huyu ana homa."

"Umeshawahi kumzika mwenye homa?"

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. "Nilivyoziba vyote vilikuwa baridi." Akatazama mifuko yake ya saruji. "Haijakorogwa. Nitamngoja huyo bosi ashuke."

Alasiri simu ikapokelewa.

"Si ulisema kimelala?" Mkurugenzi akauliza.

"Nilisema kimelala. Sikusema kimekufa."

"Mhandisi, kwa watu wengi hayo ni mamoja."

"Najua," akasema. "Hiki kinaamka. Nipe siku zake."

Akampa. Ila lori la saruji halikuondoka.

Siku ya kufungua, Jiko alizungusha valvu kidogo kidogo. Ukatoka mvuke, yakafuata maji machafu ya moto. Maji yakaendelea na kuendelea, hadi fundi wa saruji akaanza kuvaa glavu zake polepole, kwa aibu. Mhandisi alisimama na mkono juu ya fremu ya pampu, yenye grisi tele. Alihisi mtikisiko ukibadilika, ukawa mzito, na kwenye maji ukaonekana uzi mweusi. Uzi ukanenepa. Kisha hapakuwa na maji tena.

"Mkwe kaamka," Jiko akasema, "na kaamka vizuri." Fundi akavua glavu, akampa Mhandisi mkono mtupu, wakachafuka wote wawili.

Mhandisi alikwenda pembeni, nyuma ya boila, akampigia mama yake.

"Mama, kisima changu kimeamka. Kilikuwa kimelala tu."

Mama hakujua lolote la mafuta. Lakini neno hilo alilitambua.

"Siku ile nilikuona," mama akasema. "Umebeba viatu mkononi. Nikakosa mdomo wa kukwambia, mwanangu. Nilitaka angalau mtu mmoja mle ndani awe bado anamngoja."

Mhandisi alitaka kufuta machozi, akaikumbuka mikono yake ilivyo, akayaacha yashuke.