Kitanda cha Mama Mukwe

Mama yangu hapandi gari moja na mukwe wake. Kwetu ni hivyo: mume wa binti yako humuangalii usoni, huli naye, humuiti jina, na fasi unayolala, kitanda chako, yeye haioni. Batu bakakimbia vita, bakavuka ziwa, bakafika kambi ya Nakivale, Uganda, na sufuria moja, lakini hiyo heshima mama aliibeba yote. Na miye Orpa niko katikati yao kama mulango. Ambia mama chakula kiko tayari. Ambia mukwe asante. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Mwaka wa 2014 kidonda cha mama cha muguuni kikakataa kupona. Madaktari ba Mbarara bakasema ahamie karibu waweze kumwona kila mara, la sivyo muguu utakatwa. Ndugu mumoja wa kanisa akatupa kiwanja kule Kakiika, jirani na Mbarara. Nyumba hakuna. Ndipo Bienvenu, mume wangu, anayebeba mihogo kwa pikapu, akapata trela ya kulala ya batu balijenga barabara: kachumba ka bati kenye magurudumu mawili, mulango ubavuni na dirisha mbele. Hatujawahi kuwa na kitu kama hicho.

Tukaenda Mbarara kwa fundi Isma kutafuta chuma cha kuiunga na pikapu. Alikuwa na za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kichwa cha chuma na munyororo tu, na kila fundi wa njiani anaweza kuitengeneza. Ya pili ilikuwa na mukono wa pembeni unaobana, trela ikitaka kuyumba unaikatalia. Bienvenu alizigeuza zote mbili mpaka miye nikachoka kukaa, nikasimama, nikakaa tena. Isma akamuuliza anabeba nini ndani. Mume wangu akaangalia viatu vyake, akasema kitanda tu. Angesemaje kwa mugeni kwamba ni kitanda cha mama mukwe?

"Kitu nzito weka mbele," Isma akasema. "Ukiweka nyuma, mukia itatupa wewe. Hii chuma inasaidia tu. Na ikianza kucheza, usikanyage breki. Toa muguu kwenye mafuta polepole."

Bienvenu akachukua ile yenye mukono. Alirudi anapiga mluzi, na miye mluzi wake ninaujua: alishaamua jambo.

Siku ya kupakia nikaliona. Dirisha la trela linatazamana na kioo cha dereva. Kitanda kikikaa mbele, kila akiangalia nyuma atamwona mama mukwe amelala. Basi akakisukuma mwisho kabisa, na chini yake magunia ya maharage, kinu, na madumu ya maji. Nikamuuliza Bienvenu, Isma alisema nini? Akanijibu chuma ipo. Nikasema tutundike kitenge dirishani. Hapo mama mwenyewe akadakia kwamba kitenge ni nguo, na upepo haujui heshima. Akapanda, akalala kwenye kitanda chake huko nyuma, akanituma mbele nikamwangalie mume wangu asikimbize gari. Wabishi bote babili, na kwa mara ya kwanza bamekubaliana.

Tulipopanda vilima hakukuwa na shida. Kwenye muteremuko wa kuelekea Kaberebere, lori la matoke likatupita kwa kasi, upepo wake ukatupiga. Trela ikaenda kushoto. Ikarudi kulia, zaidi. Nyuma ya pikapu ikaanza kuvutwa huku na huku, na Bienvenu akaushika usukani mpaka mishipa ya mikono ikasimama. Nikageuka. Kale kachumba kalikuwa kanarushwa barabara nzima, na dirishani sikuona mutu. Na mama yangu ndiye alikuwa ndani. Niliogopa, sifichi. Niliona anakufa na heshima yake.

Muguu wa Bienvenu ukaenda kwenye breki. Nikampiga paja. Akauondoa, akaacha gari lipungue lenyewe, na ule mukono wa chuma ukalia nyuma yetu mpaka meno yakaniuma. Tulisimama gurudumu moja la trela likiwa ukingoni mwa mutaro.

Nilikimbia nikafungua mulango. Mama alikuwa chini, katikati ya magunia, amekumbatia guu la kitanda. Bandeji imelowa damu. Akaniuliza kama mukwe ni muzima.

Bienvenu alisimama nje, ametugeuzia mugongo. Akaniita kwa jina la mutoto wetu, "Mama Gisèle, ambia mama kitanda kiende mbele. Na yeye akae na sisi kwenye gari."

Kutoka ndani: "Orpa, ambia mukwe sitaki."

Kitu kikakatika ndani yangu. "Hapana," nikasema. "Leo miye mulango nimefungwa. Mutasema benyewe, ao tulale hapa muguu uoze." Nikaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara, nikabageuzia mugongo bote babili.

Pikipiki zilipita. Ng'ombe na muchungaji wao bakapita. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira, na nikaapa sitageuka.

"Bienvenu."

Sikuwahi kumsikia mama akilitaja hilo jina, tangu nilipoolewa.

"Nikikufa, ni nani atabeba sanduku yangu?"

"Ni miye, mama."

"Basi kuja unibebe leo, ningali na mudomo wa kukukemea."

Aliingia ameinamisha kichwa. Akatoka naye mikononi, mama amejifunika uso na kitenge, akamuweka kwenye kiti cha pikapu karibu na dirisha. Kisha tukasukuma kitanda, magunia na kinu mpaka mbele, na madumu tukayamwaga. Nikakaa katikati yao, kawaida yangu.

Trela ilitufuata bila kuyumba. Tulipofika Kaberebere, Bienvenu, macho barabarani, akauliza, "Mama, muguu unauma?"

Mama akanigeukia, akangoja nijibu. Nikaangalia mbele.

"Unauma," akasema mwishowe. "Endesha polepole, mwanangu."