Jalada la Shati Safi

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi, haina busu hata moja, na bado iliwatoa watu wazima machozi. Iliitwa Shati Safi. Mjane anapiga pasi kwa dobi. Fundi saa wa jirani analeta shati lake, linanyooshwa, analichukua. Kesho yake analirudisha. Halijavaliwa, halina jasho, halina hata mkunjo. Mjane analiona hilo, na analipiga pasi upya, polepole, kuanzia kwenye kola, wala hasemi neno. Hapo ndipo ukumbi mzima ulipokuwa ukinyamaza hadi unasikia viti vikilia.

Mjane yule aliigizwa na Mama Pasi, ambaye hakuwa mwigizaji. Alikuwa mpiga pasi kweli, mikono imejaa makovu ya mvuke, mvi zimeanza kuchungulia, shingo imesimama. Mwongozaji alikuwa amezunguka akitafuta mwigizaji wa kumfundisha pasi. Mwisho akaona afadhali amfundishe mpiga pasi kuigiza. Fundi saa naye alikuwa fundi saa kweli, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, na tangu hapo alimwita Mama Pasi "mke wangu wa sinema," mume wa nyumbani akicheka kuliko wote.

Sasa filamu ilikuwa inatoka kwenye DVD, watu wakae nayo sebuleni mwao. Asubuhi ya siku ya uzinduzi, wifi yake Mama Pasi, aliyekuwa na kibarua cha kupakia DVD hizo kwenye makasha kwa msambazaji, aliingia kwa dobi akihema, kasha moja mkononi.

"Wifi, kaa chini kwanza."

"Nikikaa, haya mashuka yatajinyoosha yenyewe? Lete hapa."

Juu ya jalada alikuwepo msichana mwororo, nywele zinapepea, pasi ameishika kama simu. Kwenye filamu msichana yule anapita mara moja tu mlangoni, anaulizia gauni lake, anaondoka.

"Huyu nani?"

"Eti ndiye wewe."

Mama Pasi hakucheka. Kuna watu wamejaliwa kusahau; yeye hakujaliwa. Zamani, alipokuwa msichana kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, walipangwa mstari wakapigwa picha ya kalenda. Kalenda ilipotoka, mashuka yalikuwa yale yale waliyonyoosha wao, lakini yameshikwa na mrembo wa kukodi. Wao wakaambiwa waendelee kupita mlango wa nyuma. Ndivyo walivyo wakubwa hawa: jasho lako wanalitaka, uso wako unawachafulia ukuta. Siku ile alinyamaza, na kunyamaza kule kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akachomoa pasi, akavua aproni, akatoka.

Msambazaji alimpokea vizuri, tena na kiti. "Karibu, nyota wetu!"

"Nyota iko wapi? Nimeangalia jalada, sijaiona."

"Ah, mama yangu, usinielewe vibaya. Si mimi. Ni soko ndilo linalotaka."

"Soko nalijua, naenda kila siku. Halijawahi kufungua mdomo likanitukana. Wenye midomo ni nyinyi."

Bwana yule akacheka kidogo, akachukua kasha, akalifungua. Lilikuwa la plastiki angavu, na karatasi ya jalada ilichapwa pande zote mbili. Ukifungua, upande wa ndani unakutana na picha kubwa: Mama Pasi ameinamia kola ya shati, mvuke umemzunguka, jina la filamu juu yake. Mwongozaji ndiye aliyeling'ang'ania hilo.

"Unaona? Uko ndani. Mtu akifungua atakuona."

"Yaani nipite tena mlango wa nyuma."

"Mama, yamekwisha chapwa. Uzinduzi ni leo jioni. Nifanyeje?"

Mama Pasi aliinuka. Aliingia chumba cha pili, ambamo wifi na wenzake walikuwa wanachomeka majalada. Akatoa karatasi moja kwenye kasha, akaitazama mbele na nyuma. Kwa dobi, nguo yenye nakshi hugeuzwa ndani nje kabla ya kupigwa pasi, na mkono uliozoea hauulizi ruhusa. Akaigeuza karatasi. Akaichomeka. Akaliweka kasha mezani.

Mama Pasi huyo, mzimamzima, juu.

Mmoja wa wapakiaji akaguna, "Makubwa haya."

"Akitufukuza je?" aliuliza wifi.

"Atufukuze leo, halafu apakie nani? Yeye na soko lake? Jamani, sikilizeni. Mkiogopa sitawalaumu, nami niliogopa zamani. Ila mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

Wifi akavuta boksi miguuni kwake. "Mimi niliona vibaya tangu mwanzo. Yule mtoto pasi yenyewe kaishika itamwunguza." Kicheko kikalipuka, na mikono ikaanza: chomoa, geuza, chomeka.

Jioni, ukumbini, msambazaji alifunua kitambaa mezani kwa mbwembwe, akaganda. Mezani kulikuwa na uso mmoja tu, wenye makovu na mvi, kasha baada ya kasha. Alimsogelea Mama Pasi akinong'ona kwa hasira, "Umeniharibia!"

Lakini watu walikwisha fika mezani. Wapiga pasi, mayaya, wafagiaji, kila mmoja akinyanyua kasha na kulitazama kana kwamba amekutana na ndugu aliyepotea. "Ni yeye! Ni yeye yule pale!"

Fundi saa, ndani ya shati lililonyooka kama rula, alimshika bwana yule begani. "Bwana, umesikia? Soko hilo linasema."

Msambazaji aliitazama foleni. Akaenda mwenyewe kuongeza maboksi mezani.

Mama mmoja mwenye sare ya usafi alimkazia macho Mama Pasi, kisha kasha, kisha yeye tena. "Dada, kwenye tangazo niliona binti mwingine. Yuko wapi?"

Mama Pasi aliinua shingo. Alilipa swali lile muda wake, kama anavyoipa kola.

"Yuko ndani," alisema. "Ukifungua utamwona."