Nyusi za Sajini Mtetea

Kibii aliporudi nyumbani Salgaa na cheti chake cha usanifu wa picha, mama yake Cheruto alichinja jogoo, akaita majirani, na mchungaji akaombea cheti chenyewe kikiwa juu ya meza. Wageni walipoondoka wakabaki wawili, na hapo ndipo Cheruto alipotambua kwamba hana la kumwambia mwanawe.

Si kwamba hakumpenda. Kibii alizaliwa hasikii. Alipofika miaka sita alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali, akawa mtoto wa likizo. Huko alijifunza lugha ya ishara na Kiingereza cha kuandika. Cheruto naye aliacha shule darasa la tano, na Kiingereza kilimpita kama malori yanayoteremka barabara ya Eldoret. Ishara alizozijua hazikuzidi kumi na tano: kula, lala, njoo, maji, mvua, nyumbani, kanisa. Kwa simu waliandikiana maneno mawili matatu. "Umekula?" "Ndio." "Unga imeisha." Mtu anaweza kumlea mwana kwa maneno hayo mpaka akaota ndevu, lakini ni kama ugali bila mboga. Unashiba, na bado unahisi umenyimwa kitu.

Cheruto alikuwa na hoteli ndogo ya mabati, ambako madereva husimama kunywa chai na kula chapati kwa madondo, maharagwe ya mchuzi. Kibii alichukua meza ya pembeni, karibu na soketi, akaweka laptopu yake. Alichora vibonzo vya stika za birthday na vya mikoba ya watoto. Kazi za watu zikiisha alichora vya kwake, kwa mapenzi tu, akavituma mtandaoni kwenye kundi la mashabiki wa katuni. Na katika vya kwake alimrudia mmoja kila mara: Gubiti, ngiri wa koti la mvua la manjano.

Cheruto alimjua Gubiti. Zamani, kila Jumamosi asubuhi, walikuwa wakimtazama kwa televisheni ya jirani, Kibii akiwa amekaa chini mbele kabisa, pua karibu iguse kioo.

Alasiri moja, wateja wakiwa wachache, Cheruto alipangusa mikono kwa aproni, akavuta kiti, akaketi kando ya mwanawe. Akaelekeza kidole kwenye skrini, kisha kifuani pake. Nifundishe.

Kibii alicheka. Halafu akaona mamake hacheki. Akasogea, akampa kipanya.

Mchoro wa vekta haukokotwi kwa mkono kama wa penseli. Unaweka nukta hapa, unaweka nyingine pale, na mstari unajivuta wenyewe katikati. Ukitaka upinde, kila nukta ina vimkono viwili vyembamba vya kuvuta. Picha ikishakamilika unaweza kuikuza hadi ienee mlango wa lori, na ukingo wake usivurugike. Hayo yote Kibii aliyaonyesha kwa vidole na kwa subira. Cheruto akaamua kuchora Sajini Mtetea, yule kuku wa polisi anayemkimbiza Gubiti, kwa sababu kuku aliwajua.

Akaweka nukta hamsini na mbili. Jasho lilimtoka. Dereva mmoja, Kiplangat, aliyekuwa akisubiri chapati, akachungulia juu ya bega lake.

"Mathe, hii ni kuku ama ni kiazi ya Molo?"

"Kunywa chai yako, wewe!"

Kibii alianza kufuta nukta, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimuuma Cheruto kama jino. Akamshika mkono amzuie. Kibii alifikiri kidogo, kisha akamtoa nje, akamwonyesha ua wa jirani. Nguzo zilikuwa zimeachana mbali, na waya ulijinyoosha wenyewe; penye kona ndipo nguzo zilipokaribiana. Cheruto akapiga paja. Ua wa shamba lake aliujenga kwa mikono yake miwili. Kumbe ni hivyo tu! Walirudi ndani, akabakiza nukta tisa, na mgongo wa kuku ukateremka laini.

Siku zikaenda. Kuna siku alichora macho yakapotea, akadhani ameharibu mashine ya watu, mpaka Kibii alipochukua sahani mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akamwonyesha kwamba ya chini haionekani. Macho yalikuwa chini ya kichwa. Walicheka mpaka maharagwe yakaanza kuungua.

Wiki ya pili alifikia uso. Akampa Sajini Mtetea mdomo uliofunguka wote, na nyusi mbili zilizoinama katikati kwa ghadhabu. Si alikuwa akimsikia kila Jumamosi? "Mwizi! Mshikeni mwizi!" Ndicho kisa chenyewe: Gubiti anaiba mkate sokoni, Sajini anamkimbiza, Gubiti anaingia shimoni, kesho kutwa anaiba tena.

Kibii alitazama, akatikisa kichwa. Akashika kipanya, akainua ncha za nyusi pale katikati. Hasira ikageuka wasiwasi.

Cheruto akazishusha. Kibii akaziinua. Cheruto akazishusha tena.

"Huyu ana hasira!" Cheruto alisema kwa mdomo, akikunja uso ili aeleweke, na mkono wake ukapokonya mkate hewani. "Mwizi!"

Kibii akaelekeza kwenye kuku, akafungua na kufunga vidole kama mdomo: anaita, anaita, anaita. Akamwelekeza Gubiti, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemchora mbele ya kuku akikimbia na mkate wake, mgongo umegeuka. Halafu akagusa sikio lake kwa kidole, akakipeleka mdomoni. Ishara hiyo Cheruto aliijua. Ilikuwa ya kwanza kabisa kufundishwa, pale langoni mwa shule. Kiziwi.

Alidhani hakuelewa vizuri. Kibii akatoa simu, akaandika polepole, akampa asome.

"Najua ni mwizi. Nilisoma mtandao, niko form two. Lakini mtoto mimi niliona hivi. Kuku ni mama. Gubiti anapeleka mkate nyumbani, amepotea njia. Mama anaita. Gubiti hasikii."

Cheruto aliisoma mara tatu. Akakumbuka mchana mmoja, Kibii ana miaka mitatu, kabla hawajajua lolote. Mtoto alikuwa akitembea kati ya mahindi kuelekea barabara kuu, na yeye nyuma yake akimwita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, na mtoto hageuki. Alimpata hatua chache kutoka kwenye lami. Akamchapa miguu. Alimchapa kwa ukaidi.

Angemwambiaje hayo yote kwa ishara kumi na tano? Aliinama, akaweka kiganja kwenye shavu la mguu wa mwanawe, pale pale alipomchapa, akakiacha hapo. Kibii alimtazama kwa mshangao. Labda hakukumbuka. Akafunika mkono wa mamake kwa wake, wakakaa hivyo, chai ikifurika jikoni.

Kisha Cheruto akajipangusa uso, akashika kipanya. Aliinua nyusi mwenyewe. Halafu, nukta kwa nukta, akaufunga ule mdomo.

Kibii akatoa macho. Cheruto akamwelekeza mabawa: haya ndiyo yaseme. Njoo, nyumbani. Ishara zote mbili alizijua.

Mabawa yaliwachukua siku nne, maana kuku hana vidole, ikabidi manyoya yawe vidole. Yalipokwisha Kibii akatazama, akaguna, akamgonga Gubiti mgongoni kwa ncha ya kalamu. Ngiri alikuwa bado amempa kuku kisogo. Ishara hizo angezionaje?

Hilo Cheruto hakuliwaza. Alikaa akiitazama picha mpaka mteja akaita mara mbili. Kisha akamchagua kuku mzima, akamkokota kutoka nyuma ya Gubiti, akampitisha juu ya kichwa chake, akamtua mbele, katikati ya njia, uso kwa uso.

Kibii aliituma picha kwenye lile kundi siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akaandika kwamba wamekosea, Sajini hukaa nyuma. Mwingine akauliza kuku anasema nini. Kibii hakuwajibu kwanza. Alikuwa akimsimulia mamake kisa cha Jumamosi nyingine, kile cha Gubiti na daraja, mikono ikienda mbio kama ya mtu anayepepeta maharagwe. Zamani Cheruto angetikisa kichwa tu, ndio, ndio, ilhali hajashika hata neno. Safari hii aliinyoosha mikono yake, akaishika ya mwanawe hewani, taratibu.

"Rudia," alimwambia kwa midomo, akaiachia mikono na kuiga ile ishara ya daraja. "Polepole. Daraja limefanya nini?"

Kibii akarudia.